Kelele zangu zahanati leo

Leo nimemfanya bibi wa watu apige vigelegele kabla ya wakati.

Nilikuwa zahanati moja huku Momela. Programu yangu ya kutambua mtandao inakwama kila modemu ikianza kupiga simu kutafuta intaneti, nesi anashindwa kutuma majibu ya vipimo.

Kumbe programu ilikuwa haiisubiri modemu iunganike!

Nikarekebisha, ikakubali. Nikapaza sauti: "Tayari! Salama kabisa!"

Nje, bibi aliyemleta binti yake kujifungua akaruka na vigelegele.

Nesi akachungulia. "Bibi, bado. Huyo ni fundi wa kompyuta."

Jamani, aibu!

"Shikamoo bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa hapa, tusubiri wote."

Tukakaa. Baadaye tukasikia mtoto analia. Wa kike!

Bibi kaniambia nichague jina. Nipeni majina, ananitazama.