Betri ya Mama Vifaranga

Dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga, alifua mashuka ya hoteli mpaka vidole vikachubuka. Alipoacha kazi ile alinunua mashine ya kutotolea mayai, kabati la bati lenye kioo mlangoni, akaliweka chumba cha nyuma. Mchana paneli za sola juu ya paa zililiendesha bila matata. Shida ilianza jua likizama, kwa sababu hapo tulitegemea umeme wa kawaida, na umeme wetu haueleweki, mara upo, mara haupo.

Mara ya kwanza ulipokatika, mayai yalipoa yakiwa yamekaribia kuanguliwa. Dada aliyapasua mojamoja nyuma ya nyumba. Ndani vifaranga walikuwa wamekamilika, manyoya na yote, wamekufa. Alilia. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Mumewe ni dereva wa lori mstaafu, na shemeji yangu huyo hajapata kuulizwa swali akakosa jibu.

"Betri mnunue ya nini?" alisema, dada alipotaja betri ya kutuvusha usiku. "Ninayo stoo. Imenitoa matopeni mara ngapi!"

Akaifunga betri ya lori kwenye inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, akajipiga kifua. Siku chache mambo yakawa shwari. Kisha mvua ikanyesha, umeme ukakatika, na kabla hatujamaliza kula betri ikawa imezima. Mayai yote yakaharibika tena. Fundi umeme alipokuja alitikisa kichwa.

"Mzee, hii ni ya kupigia stata, kuwashia injini. Inatoa nguvu nyingi mara moja, basi. Ukiinyonya polepole mpaka mwisho, unaiua."

Shemeji akanuna, akasema fundi anajitafutia biashara.

Dada alikuwa ameweka akiba ya mashine ya pili, kubwa kuliko ile. Akiba hiyohiyo ingeweza kununua betri halisi ya kuhifadhi umeme wa sola. Ilikuwa ama hiki ama kile. Na kama mayai yangeharibika mara ya tatu, hakukuwa na jingine ila kurudi kufua. Msimamizi wa dobi kule hotelini alikuwa ameshaanza kumpigia simu.

"Ukiwa na mashine mbili..." shemeji alianza.

"Zote zinakula umeme uleule, mume wangu. Zitazimika pamoja."

"Watu watakucheka. Betri haitagi mayai!"

"Waache wacheke, meno ni yao."

Akanunua betri. Ilipofungwa tu, tukaivamia kama nzi: binti yake na pasi, shemeji na televisheni, mimi na chaja yangu. Dada akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Atakayechomeka kitu hapa, nitamlaza kwenye trei aatamie mayai mwenyewe!"

Tukatawanyika. Hakuna aliyejaribu tena.

Siku mayai yalipokaribia kuanguliwa, mvua ilianza asubuhi na haikukata. Jioni umeme ukaondoka mtaa mzima. Lakini chumba cha nyuma taa ya mashine iliendelea kuwaka, na feni yake ndogo ikaendelea kuzunguka. Shemeji alisema anakwenda kukagua dirisha kama limefungwa. Nilimkuta amepiga magoti, sikio kwenye kioo.

"Wanagonga," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sikiliza, shemeji, wanagonga humo ndani!"

Kulipokucha umeme ulikuwa bado haujarudi. Yai la kwanza lilipasuka, likafuata la pili, kisha ikawa fujo. Kabati zima likajaa vifaranga wenye unyevunyevu, wanapiga kelele na kukanyagana. Dada alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje na vijiko mkononi. Nikamkumbatia. Sijawahi kumwona amenyooka vile, kama vile amerefuka.

Shemeji alisimama nyuma yetu, akasafisha koo mara kadhaa.

"Mke wangu," alisema, "leo sina la kusema."

"Vizuri," dada akajibu, bila hata kugeuka. "Basi shika trei."