Wivu wa Mboga za Juu ya Paa

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Sotik ametutoka. Wiki iliyopita tulimsindikiza hadi kwao upande wa ziwa, na nasema bila aibu kwamba hata kando ya kaburi lake nilimwonea wivu. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha chai, mpole, mwenye kofia ya sufu mvua na jua, aliyegeuza paa la nyumba yetu ya kupanga kuwa shamba la mboga za kienyeji: saga, managu na kunde ndani ya ndoo kuukuu za rangi na magunia yaliyokatwa.

Mama yangu alikuja kukaa nasi mjini magoti yalipoanza kumsumbua. Kwetu kijijini, kama kwa wengi wenu wasomaji, majani chai yamefika hadi mlangoni. Tuling'oa hata mboga zake ili tuongeze mistari ya chai. Hapa mjini nilimpa kitanda kizuri, televisheni, dawa kwa wakati wake. Lakini chai ya asubuhi ikiisha tu, namsikia akipanda ngazi polepole kwenda kwa jirani. Huko juu mzee mzima anamuuliza, "Mama, hii saga nichume saa hii ama ningoje?" Naye mama, ambaye kwangu hujibu kwa kutikisa kichwa, anafoka: "Unakimbia wapi wewe? Wacha kwanza itoe matawi!" Kicheko chao kilinikuta sebuleni nikiandika safu hii. Kiliniuma.

Nikaamua kushindana. Nikapandisha ndoo zangu, nikapanda saga, nikaitilia mbolea ya chai, ile tunayomwaga shambani bila kufikiri. Ikaungua yote. Mama akachungulia. "Umeweka mbolea ya majani chai? Kwa ndoo?" Akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akaenda kumsimulia jirani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyepona ni mama. Mimi nilibaki na kinyongo changu.

Siku ya mazishi binti wa marehemu alisimama akatuambia, "Baba amepanda hizi mboga tangu akiwa mdogo. Nyanya yetu alikuwa anaziuza soko. Hakuna kitu ya mboga yeye hakuwa anajua." Nilimgeukia mama. Alikuwa analia kama aliyefiwa na mwanawe, nami mwanawe nikiwa nimesimama pale pale.

Tunawaleta wazazi mjini, tunawalisha, tunawafunika, na tunadhani tumemaliza kazi. Mzee hashibi kwa kulishwa tu. Anataka pia kuhitajika. Mwenye mzazi nyumbani amuulize jambo leo, hata kama jibu analo. Jana nilimuuliza wangu saga huchemshwaje na maziwa. Akaniuliza, "Na wewe pia hujui?" Jirani alikuwa akijifanya hajui. Mimi nilikuwa sijui kweli.