Mgono usio na mlango, pale mtambo wa umeme Bukoba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Shule yangu ni ya msingi na naandika polepole, mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, chumvi sijatia.

Miaka ile ya ujamaa, nikiwa kijana, nilipata kibarua kwenye mtambo wa dizeli kando ya ziwa. Bomba lilivuta maji ya kupoza injini. Kazi yangu kusafisha chujio la waya.

Masika yakianza, samaki wanaoitwa ningu walisogea ufukweni kutafuta mto wa kutagia. Bomba likawavuta. Kila asubuhi niliwabandua kwenye waya, matumbo yamejaa mayai. Ndoo nzima, namwaga shimoni.

Nikamweleza baba, mvuvi wa migono kule Muleba. (Msioujua, mgono ni mtego wa kusukwa: samaki akiingia mlangoni hatoki.)

"Ala! Samaki wangu wa mwakani ndio unawamwaga shimoni?"

Akasuka mgono mkubwa, ila hakuuwekea mlango. Jumapili baada ya misa tukaufunga mbele ya bomba. Maji yanapita, samaki anagonga fito, anageuka.

Wiki nzima waya ulikuwa safi. Nilifurahi, sikumwambia mtu. Mimi kuongea mbele ya wakubwa nilikuwa siwezi kabisa.

Meneja akauona. Hakuzaliwa kando ya maji. Baba alikuwa amekuja kuukagua, akakamatwa, tukaitwa wafanyakazi wote uwanjani.

"Mzee, unavua kwenye bomba la umma? Wewe ni mnyonyaji!"

"Ndugu meneja, tazama. Hauna mlango. Unavua nini?"

"Mtego ni mtego!"

Watu wakacheka. Nusu yao walikulia na migono, walijua.

"Nani alikuruhusu kuufunga hapa?"

Baba akanitazama. Nikatazama miguu yangu.

"Hakuna. Ni mimi tu," akasema.

Mgono ukachomwa pale pale. Mtumbwi wake ukachukuliwa. Kesho yake ndoo yangu ikajaa tena, na kazi nikabaki nayo.

Hakunilaumu hata siku moja. Akija Rwamishenye nilikopanga, anatua mkungu wa ndizi, anauliza moja tu: "Bado wanakufa?"

"Bado, taata."

Heri angenichapa.

Nilichojifunza: unachokijua kiseme siku hiyo hiyo, hata kwa kigugumizi. Mimi nakisema leo, na baba tumeshamzika.

Mliokulia kando ya ziwa, kwenu ningu bado wanapanda mtoni? Na wewe ungekuwa pale uwanjani, ungesema? Niandikieni. Nitasoma yote, polepole.