Nimefuta etiketi, mesaji zikabakia

Bandugu, leo papa, baba yangu, amesoma mapendo yangu yote!

Email ya boutique yetu hapa Butembo, tunaitumikisha papa na mie. Mesaji za muchumba wangu nilizifichaka mu etiketi, ile lebo ya kupangia mesaji, yenye jina "Viazi vya Alimbongo".

Nani atafungula viazi?

Asubui papa ananiambia: "Masika, nataka kuona bei ya viazi."

Nikafuta etiketi mbio mbio, nikamupa simu.

Kumbe jina la etiketi tu njo linatoka, mesaji zinabakia palepale mu email.

Papa akavaa miwani. Akasoma polepole. Mie napanga sabuni zenye nilishapanga.

Mwisho akainua kichwa: "Anaandika muzuri, lakini mbuzi za mahari anazisema wapi?"

Tangu saa ile nasoma upya mesaji zote.

Bado natafuta mbuzi.