Dada wa Simu na kopo moja la vidonge

Saa nne asubuhi, wenzake wanapotoka kwenda kunywa chai, yeye anabaki. Simu za kazi ameshazipiga. Sasa anachukua yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Kifua kinaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kifua kizima. Kinachoninyima usingizi ni huyu mzee wangu anayekoroma."

Wagonjwa wanamwita Dada wa Simu. Katika chumba kidogo nyuma ya wodi ya kifua, huwajulia hali kila wiki watu waliowahi kulazwa kwa maambukizi ya virusi kwenye mapafu. Wote walipimwa damu, na wengi walikutwa na upungufu wa vitamini D. Nusu wanapewa vidonge vya vitamini hiyo. Nusu nyingine, vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Nani anameza kipi, hata yeye hajui.

"Watu wanadhani nawaficha," anasema akicheka. "Madaktari wenyewe bado wanajiuliza: upungufu ndio unaozidisha ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoshusha vitamini? Ndiyo maana tunatafuta."

Bibi huyu na mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, waliugua pamoja, wakaingia kwenye utafiti pamoja. Mwezi uliopita Dada wa Simu alikwenda kwao kukagua vidonge. Alipaswa kukuta makopo mawili. Alikuta moja.

"Tumechanganya," babu alimwambia bila wasiwasi. "Kama dawa iko kwake, nami nipate. Kama iko kwangu, siwezi kuimeza peke yangu huku mwenzangu anakohoa."

"Tumezeeka tukila sahani moja," bibi akadakia. "Leo tutenganishwe na kidonge?"

Alirudi ofisini akijiuliza afanye nini. Akisema, wazee wataondolewa kwenye utafiti, na simu wanazozisubiri kwa hamu zitakoma. Akinyamaza, majibu yao yatachafua ya wengine wote.

Alisema. Wakaondolewa.

"Niliwapigia kuwaeleza, nikalia mimi. Bibi ndiye aliyenibembeleza," anakumbuka.

Matokeo yanatarajiwa mwakani. Anaomba yawe ya kweli tu, hata kama vitamini itaonekana haisaidii. Siku hiyo ataomba ruhusa awaambie wazee kopo la nani lilikuwa na dawa.

Babu ameshausikia mpango huo. Asubuhi hii, upande wa pili wa simu, anaipokonya mkononi mwa mkewe.

"Kwa hilo usijisumbue, mwanangu. Sisi tulishagawana. Wewe piga tu, utuulize tumeamkaje."