Kiduara cha Kompyuta ya Sebuleni

Mimi hakuna la kunishangaza. Nimeuza maji kwa mkokoteni mjini Malindi kabla sijaota ndevu, nimebeba magunia ya chumvi Gongoni mpaka mabega yakafanya sugu, nimeoa, nimejenga, na leo ukialikwa harusi popote kati ya Matsangoni na Mambrui, hema ulilokalia chini yake na sufuria iliyopikiwa pilau yako huenda ni zangu. Shule niliacha darasa la tano. Sisemi kwa haya, nasema ili ujue. Waliofika chuo kikuu huja kwangu kukodi viti.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Nilinunua ile kubwa ya mezani, nikaiweka sebuleni mkabala na friji, nikaifunika kitambaa cha kufuma dhidi ya vumbi, nikakaa nayo huku natazama mafunzo kwenye simu mpaka nikaijua ile programu ya majedwali kama ninavyojua mifuko ya kanzu yangu. Kila hema lina mstari wake, kila sufuria, kila fungu la viti. Nani amekodi, anakaa wapi, atarudisha lini. Wenzangu wa biashara hii bado wanaandika kwenye madaftari yaliyolowa mafuta ya pilau. Mimi nabonyeza.

Mwaka jana nikamwajiri shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, wa kwao Mambrui. Mke wangu alinisemea weee, mpaka nikaona nikubali nipate usingizi. Shemeji akashika ghala la mahema, na kila alasiri akawa anakuja nyumbani kuingiza kwenye kompyuta vilivyotoka na vilivyorudi. Mtu mzima, ana mke na watoto, mpole, hagombani na mtu. Hapo ndipo aliponitia wasiwasi. Katika miaka yangu yote ya biashara, mtu asiyegombana na mtu ama ni walii ama ana jambo lake.

Kwa hivyo nilimwekea ulinzi. Nilinakili majedwali yote, nikaificha nakala mahali ambapo mtu hawezi kuiona akifungua faili. Kisha nikatia kanuni ya kukilazimisha kila kisanduku kumwuliza mwenzake wa kwenye nakala: wewe ni yuleyule wa jana? Akiwa si yuleyule, kiwake chekundu. Nikaivuta ile kanuni mpaka chini kabisa, kwenye mistari yote ambayo programu inayo, hata ile mitupu, maana nilijua mwizi huanzia pale ambapo hapajaandikwa kitu. Na kila Ijumaa nikiongeza nakala nyengine, ya kuilinda ile nakala ya kwanza. Hayo sikufundishwa na mtu.

Haukupita muda, faili ikaanza kuzubaa. Unaandika jina la mteja, herufi hazionekani, halafu zinatoka zote kwa pamoja kama watu waliofungiwa chumbani. Ukibonyeza pa kuhifadhi, kinatokea kile kiduara, kinazunguka, kinazunguka, na kioo chote kinapauka. Naenda kutawadha, naswali, narudi, kiduara kiko palepale.

Mtu mwengine angesema mashine imechoka. Mimi nikajiuliza nani ameingia nyumbani kwangu karibuni.

Tena katika siku hizohizo wateja wangu wawili wa zamani wakaenda kukodi kwa mpinzani wangu wa Watamu. Ah! Nikaunganisha. Faili inazubaa kwa sababu kuna mtu anaifungua kutoka upande wa pili, mimi navuta huku, yeye anavuta kule, anachukua majina ya wateja na kuyapeleka Watamu. Na mwenye njia ya kuifikia ni mmoja tu.

Lakini mimi silaumu mtu bila hakika. Kwanza nilikwenda dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya umeme, tunajuana tangu enzi zangu za mkokoteni, nikanunua kipande cha kuiongezea kompyuta kumbukumbu. Nikakitia. Kiduara kikaendelea. Nikarudi dukani nikamwuliza kama alinipa kipya au alichokitoa kwenye mashine iliyokufa.

Akanitazama juu ya miwani. "Bwana, wewe unakodisha sufuria. Mtu akiunguza pilau ndani yake, unamrudishia pesa?"

Niliona ananikwepa. Nikatoka hapo nimeshaamua. Nikapita kwa muuza vyuma, nikanunua kufuli mpya, nikaitia kwenye mlango wa ghala.

Asubuhi yake kulikuwa na mahema ya kupeleka harusini Mambrui. Simu ikalia.

"Shemeji, ufunguo hauingii."

"Ndiyo, hauingii."

"Kwa nini hauingii?"

"Jiulize mwenyewe."

"Shemeji, niko hapa na lori la watu. Utingo ameshapanda juu anasubiri vyuma vya mahema. Nijiulize nini?"

"Kiduara," nikamwambia.

"Kiduara gani tena?"

"Unakijua."

Nilimsikia utingo kule nyuma akisema, "Oyaa, tunapakia ama tunapiga picha?" Kisha shemeji akasema polepole, "Unaniona mimi mwizi?"

"Sijalitamka neno hilo."

"Basi litamke."

Sikulitamka. Akakata simu, akamwacha dereva na lori lake akaenda kwao. Ilibidi nikafungue mwenyewe, na mahema yalifika Mambrui wakati wageni wameshakaa juani, mabibi wamejifunika leso vichwani, na baba wa bibi harusi ananitazama kama mimi ndiye niliyeliwasha jua.

Na Mambrui ndiko kwao mke wangu. Mimi sijarudi nyumbani, habari zimeshafika. Nilimkuta mlangoni ameshika mwiko.

"Umemfungia ndugu yangu kufuli mbele ya watu?"

"Nimebadilisha kufuli. Ni yangu."

"Na mimi ni wako?"

Nikasema ndiyo, nikidhani ndilo jibu zuri. Akaingia ndani, akatoka amevaa buibui na mkoba kwapani. "Nakwenda kwa mama. Ukishajua hicho kiduara kimetoka wapi, uje useme mbele ya mama na mbele ya ndugu yangu. Kabla ya hapo usije."

Nyumba ikabaki na mimi na friji. Siku ya kwanza nilijipikia chai nikaona ni jambo dogo. Siku ya pili nilikaa na sahani ya mayai nikagundua sijui chumvi inawekwa wapi, mimi niliyeibeba kwa magunia. Hapo nikajua mambo yameharibika. Nikampigia fundi.

Fundi niliyeambiwa ni hodari ni mwanamke, ana duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta karibu na soko. Sasa mke hayupo, na mimi siwezi kumwingiza mwanamke wa watu ndani nikiwa peke yangu, majirani wangemaliza mwaka wanalo. Basi nikaibeba kompyuta, meza na kila kitu, nikaviweka nje barazani, nikapitisha waya wa umeme dirishani. Hilo nalo lilikuwa kosa jengine, kwa sababu kila aliyepita alisimama. Na kwa vile ndani ya faili mna bei zangu zote, nilikata boksi nikalibandika kwa utepe upande wa kulia wa kioo, pale penye safu ya bei.

Fundi akaja, akaamkia, "Shikamoo mjomba." Nikaitikia. Akaitazama ile mashine na boksi lake.

"Mjomba, hii ni kompyuta au bi harusi? Mbona imefunikwa uso?"

"Mna siri za biashara."

"Haya." Akaanza kupeleka majedwali pembeni, na zile bei zikatoka nyuma ya boksi moja baada ya moja. "Bei zako zinachungulia, mjomba. Nifumbe macho?"

Majirani wakacheka. Nikalibandua boksi.

Nilimweleza yote: upande wa pili, Watamu, anayevuta. Akainama chini ya meza, akatoka ameshika waya mmoja mkononi. "Huu ndio wa mtandao. Haujachomekwa popote, una vumbi la tangu dukani. Kompyuta yako haijawahi kuongea na Watamu. Haijaongea hata na jirani."

"Mimi nilidhani inapata mtandao kwa simu."

"Haipati." Akaketi, akabonyeza hapa na pale, mara zikatokea zile nakala zangu zote, Ijumaa zote, zimejipanga chini ya kioo. "Hizi za mafichoni ni za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

Nikamweleza ulinzi wangu. Kwa kweli nilimweleza kwa fahari, nilijua hajawahi kuona kitu kama kile. Na kweli hakuwahi. Akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti, akatazama kanuni moja, akatazama ya pili.

"Mjomba, faili hii haifanyi hesabu. Inalinda. Ukiandika jina la mtu mmoja, inaviamsha visanduku vyote mpaka mwisho wa dunia inaviuliza kama vimeibiwa. Vingi havina kitu ndani, lakini vinaamshwa vilevile. Halafu nakala nazo zinaulizana. Wewe ungelala?"

"Kwa hivyo aliyeizubaisha..."

"Umempata mwizi lakini?"

"Bado."

"Kimewahi kuwaka chekundu hata kimoja?"

Viwili. Niliviangalia upya pale barazani. Vyote nilikuwa nimekosea kuandika mimi mwenyewe.

Sikutaka kuamini. Nikachukua simu nikampigia mmoja wa wale wateja waliohamia Watamu, nikamwuliza nani alimpeleka. "Wewe," akasema. "Nilikupigia, ukaniambia ngoja nitazame kama mahema yako wazi. Nikangoja. Nikasikia unaitukana mashine. Nikakata nikapiga Watamu."

Fundi alifuta nakala, akaniachia moja tu ndani ya kidude kidogo cha mkononi nikiweke kabatini, akaondoa kanuni kwenye mistari mitupu. Nikaandika jina, likatokea. Nikabonyeza pa kuhifadhi, na kabla sijatoa kidole imeshamaliza. Jirani mmoja akapiga makofi. Nilimwambia aende kwake.

Siku iliyofuata nilikwenda Mambrui, na sikwenda peke yangu. Nilimchukua ami yangu anisemee, na mbuzi, na mchele, na leso za mama mkwe na za mke wangu. Tukakalishwa ukumbini. Ami akazungumza vizuri sana kuhusu shetani kuingia kati ya ndugu. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shetani tumemsikia. Sasa nataka kumsikia huyu."

Shemeji alikuwa amekaa karibu na mlango, ananitazama miguu. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, nauona ukingo wa leso yake. Nikasema. "Nilikuona mwizi. Aliyeiharibu faili ni mimi."

Ni maneno machache, lakini nimebeba chumvi na sikuwahi kubeba kitu kizito vile.

"Nitarudi kazini," shemeji akasema mwishowe, "lakini kufuli iwe na mwenyewe mmoja. Ukitaka hema usiku wa manane, unanipigia mimi."

Nikatia mkono mfukoni nikatoa funguo mbili. Nikampa moja. Akaendelea kunyoosha mkono. Nikampa na ya pili, na sitasema uongo, vidole vyangu vilikawia. Mbuzi akachinjwa, na baada ya chakula mke wangu akatoka amevaa buibui, mkoba kwapani.

Jioni hiyo, yeye akiwa jikoni ananiita kula, niliingiza kila kitu kwenye kompyuta: kipande cha kumbukumbu, fundi, kufuli, lori lililosubiri, pesa nilizomrudishia baba wa bibi harusi kwa ajili ya jua, mbuzi, mchele, leso, na nauli ya ami, ambaye alikataa kupanda pikipiki. Shilingi elfu arobaini na tatu na hamsini.