Sauti ya Marehemu Kwenye Disque Mbili

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana nilipobonyeza kitufe cha ordinateur yangu, yaani kompyuta, mbele ya watu wa matanga, na mpaka leo nikiwa na safari ya upande ule wa commune (tarafa) ya Kisangani nazunguka kwa barabara ya nyuma, maana aibu ya siku ile haijaisha, nimeizoea tu.

Nieleze kwa utaratibu, kama ninavyopenda (utaratibu huo huo ndio ulioniponza).

Mimi si mhandisi. Nilikuwa mtunza ghala, na ordinateur nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Wakati ule wa vita mto ulikuwa umefungwa. Kinshasa ilikuwa ng'ambo ya mapigano, meli hazishuki wala hazipandi, kwa hiyo watu walitumiana sauti kwenye kaseti zilizopita mkono hadi mkono, zikazunguka nchi za jirani, zikafika zimechoka. Mimi nilizinakili ndani ya ordinateur na kuondoa mvumo kidogo, watu wakaanza kuniita Papa Ingénieur, yaani Baba Mhandisi, jina ambalo nilipaswa kulikataa siku ya kwanza.

Mama Bolamba aliniletea kaseti ya mume wake. Mume alishuka Kinshasa kabla mto haujafungwa, akafia huko, akazikwa huko, na hakuna wa familia aliyeona kaburi. Kaseti ilifika nyuma ya habari ya kifo. Mama Bolamba alijaribu kuisikiliza akashindwa kuimaliza. Siku ya kuondoa matanga, aliniambia, mama mzazi wa marehemu (Koko, tulivyomwita wote bibi huyo) angekuja kwa pirogue, mtumbwi wa mti, kutoka Yanonge ili amsikie mtoto wake, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kulilia.

"Papa Ingénieur, utaitengeneza bien, Koko asikie muzuri?"

Nikasema atamsikia kama mtu aliyekaa naye mezani.

Sasa, disque, yaani diski za kuhifadhia ndani ya ordinateur. Nilikuwa na mbili, kuukuu, kila moja ndogo. Kitabu kilitoa njia mbili: ama disque ya pili ishike nakala ya ile ya kwanza, kitu kile kile mara mbili, ama ziunganishwe ziwe kama disque moja kubwa, kila sauti ikatwe vipande, kipande huku na kipande kule, na kazi iende haraka. Kuweka kitu kimoja mara mbili niliona ni ubadhirifu, kama mtu kuvaa suruali mbili. Nikaziunganisha.

Jirani yangu Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuja kutazama.

"Donc, moja ikikufa?"

"Haiwezi kufa."

"Ndugu, mi nauzisha sabuni tu, lakini kila kitu inakufaka."

Nikamweleza kwa mfano wa mto, kwamba pirogue mbili zikifungwa pamoja zinabeba mzigo ambao moja haiwezi. (Kwamba moja ikitoboka inavuta mwenzake, hilo sikulisema. Anayetafuta mfano huchukua upande unaomfaa.)

Sauti ikaingia salama. Nikaitazama kaseti pale mezani, nikaiona kama ganda la karanga iliyokwisha kuliwa. Nami nilikuwa nimeandika hotuba fupi ya siku ile, na kwa kuwa sifanyi kitu bila kukijaribu, nilitaka kujisikia kwanza. Kaseti tupu zilikuwepo sokoni. Nikajiambia, za nini, na hii iko hapa? Nikaigeuza upande wa pili kwa uangalifu mkubwa, nikajirekodi.

Siku ilipofika, mafuta hayakuwepo na magari hayakuwepo, basi nikakodi toleka mbili, zile baiskeli za abiria zenye kiti cha sponji nyuma, moja ikabeba kioo cha mashine, nyingine ikabeba sanduku la ordinateur, mimi natembea pembeni nimelishika kama mgonjwa. Disque ya pili ilikosa skrubu, nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya nailoni. Mashimo ya barabara mnayajua.

"Papa, tunabeba nini hivi?" akauliza mwenye toleka.

"Marehemu," nikamjibu, kwa majivuno.

Koko alikaa mbele kabisa, kitambaa kichwani, mikono magotini. Nikatoa hotuba. Nikabonyeza. Mashine ikafunguka, lakini ile disque kubwa haikuonekana, na ndani ya sanduku kukatoka sauti ya kitu kinachogonga: tk, tk, tk.

Koko akasogeza sikio. "Njo yeye?" akauliza, akidhani ndiye mtoto wake anaanza.

"Hapana, Koko. Mashine iko nafunguka."

Nikazima, nikawasha. Nikasema ni courant ya umeme inayosumbua, na watu wote wakatazama balbu iliyokuwa inawaka vizuri kabisa. Nikasema basi ni joto, wakaanza kulipepea sanduku kwa sahani. Tk, tk, tk. Hapo ningekiri yangeisha. Badala yake nikatoa kaseti mfukoni, nikasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa: "Musihuzunike. Ya asili iko hapa."

Kambale akaleta radio yake, akaitia kaseti kwa upande ulioandikwa jina la marehemu. Kwanza mtu akakohoa, halafu sauti ikasema: "Ndugu zangu wapendwa. Leo ujuzi umeshinda vita na mto."

Ilikuwa sauti yangu. Kumbe siku ya kujirekodi kaseti ilikuwa imelala tayari kwenye upande mtupu, na mimi kwa uangalifu wangu nikaigeuza kwenye upande wa marehemu.

"Hapa ningoje makofi," sauti yangu ikaendelea.

"Piga basi, Papa Ingénieur," Kambale akaninong'oneza. "Unajingoja."

Nikanyoosha mkono kuzima. Koko akanishika kifundo cha mkono.

"Acha. Pengine mutoto wangu iko nyuma yake."

Kwa hiyo tukaisikiliza hotuba yote, pamoja na ile sentensi moja niliyoirudia mara tatu nikitafuta namna ya kuisema. Mama Bolamba alijifunika uso kwa kitenge. Mwishoni nikasema, "Asanteni kwa kunisikiliza," kukawa na mlio wa kitufe, na mtu mwingine akasema:

"…na Mama, ile pirogue yangu usiuzishe. Mi nitarudia."

Halafu mvumo tu. Ndiyo yote niliyokuwa nimebakiza.

"Rudisha," akasema Koko.

Nikarudisha. Lakini radio ile haikujua kusimama mahali padogo hivyo, kila mara ilirudi mpaka kwangu. Basi mchana ule mzima watu wakasikia "Asanteni kwa kunisikiliza," na marehemu akajibu, "Mama, ile pirogue yangu usiuzishe," na Koko akalia, na mimi nikarudisha tena.

Wakati wa kuondoka akaniita.

"Mutoto wangu hakukuwaka mutu wa maneno mingi," akasema. "Wewe umemupunguzia tena." Akafunga kitambaa chake. "Pirogue sikuuzisha. Njo ile imenileta hapa."

Tangu siku ile kila sauti naiweka mara mbili, kwenye disque mbili zisizojuana, na kaseti ya mtu namrudishia mkononi mwake kabla sijafanya lolote. Suruali mbili navaa, tena na mkanda. Disque ile ya kamba ilikufa kabisa, nami sikuizika wala kuitupa. Na kaseti tupu ambayo sikwenda kuinunua, nilikuja kuulizia bei yake baadaye sokoni, ili nijue nilichookoa. Ilikuwa nusu dola.